Somo la Kemia: Ukolezi wa Myeyusho na Elektroni za Nje



Katika ukurasa wetu wa masomo leo tunajifunza mambo mawili ya kemia. La kwanza ni ukolezi wa myeyusho. La pili ni elektroni za ganda la nje la atomu. Tafadhali usigeuze ukurasa kwa kuogopa majina haya. Vitu vyenyewe unavyo nyumbani: chumvi, sukari, pakiti ya ORS na dumu la maji ya bomba yenye klorini.

Somo hili ni la watu wa aina mbili. Wa kwanza ni vijana wa sekondari wanaojiandaa kwa mitihani. Waliosoma kwa Kifaransa kule kwetu wataona kwamba mambo ni yaleyale, majina tu ndiyo yamebadilika. Wa pili ni akina mama na akina baba wenye watoto wadogo. Kwao hesabu hizi si za mtihani. Ni za kumwokoa mtoto anayeharisha.

1. MYEYUSHO NI NINI?

Weka kijiko cha chumvi katika kikombe cha maji, kisha koroga. Chumvi haionekani tena, lakini ukionja unaikuta. Haikupotea. Imegawanyika vipande vidogo sana ambavyo jicho haliwezi kuviona, navyo vimeenea kila mahali ndani ya maji. Mchanganyiko wa namna hii tunauita myeyusho.

Kitu kinachoyeyuka, kama chumvi au sukari, ni kiyeyushwa. Kitu kinachoyeyusha, kama maji, ni kiyeyushi.

Je, maji ya mto yenye udongo ni myeyusho? Hapana. Ukiyaacha yatulie, udongo unashuka chini. Chumvi iliyoyeyuka haishuki chini hata ukingoja wiki nzima.

Kuyeyusha nako kuna mwisho wake. Lita moja ya maji huweza kuyeyusha kiasi cha gramu 360 za chumvi. Ukizidisha hapo, chumvi inabaki chini ya chombo. Tunasema myeyusho umejaa.

2. UKOLEZI

Sisi sote tunajua maana ya chai iliyokolea sukari na mboga iliyokolea chumvi. Mwanakemia anasema neno hilohilo, ila yeye hatumii ulimi, anatumia mizani na kipimo cha lita. Ukolezi ni kiasi cha kiyeyushwa kilichomo ndani ya kila lita ya myeyusho.

Kanuni ni hii:

Ukolezi = uzito wa kiyeyushwa (gramu) ÷ ujazo wa myeyusho (lita)

Mfano: gramu 10 za sukari katika lita 2. Tunagawa 10 kwa 2, tunapata gramu 5 kwa lita.

Angalia vizuri kwamba ukolezi una pande mbili. Unaweza kuupandisha kwa kuongeza sukari. Unaweza pia kuupandisha kwa kupunguza maji, bila kuongeza hata chembe ya sukari. Hapa ndipo wengi wanapokosea na ORS.

3. PAKITI MOJA, LITA MOJA

Pakiti ya ORS, ambayo baadhi yetu tuliizoea kwa jina la SRO, ilitengenezwa kwa ajili ya lita 1 ya maji. Kwa kipimo kilichokubaliwa na Shirika la Afya Duniani na UNICEF tangu mwaka 2002, ndani yake mna:

- chumvi ya kawaida (kloridi ya sodiamu): gramu 2.6
- glukosi: gramu 13.5
- kloridi ya potasiamu: gramu 1.5
- sitireti ya sodiamu: gramu 2.9

Jumla ni gramu 20.5. Ukiyeyusha katika lita 1, ukolezi ni gramu 20.5 kwa lita. Hicho ndicho kipimo sahihi.

Sasa tufanye hesabu za makosa mawili.

Kosa la kwanza: pakiti yote katika chupa ya soda ya nusu lita. 20.5 ÷ 0.5 = gramu 41 kwa lita. Ukolezi umekuwa mara mbili.

Kosa la pili: pakiti yote katika glasi ya mililita 250, yaani robo lita. 20.5 ÷ 0.25 = gramu 82 kwa lita. Ukolezi umekuwa mara nne.

Mzazi anaweza kufikiri kwamba dawa kali itaponya haraka. Kwa ORS si hivyo. Maji huvutwa kuelekea upande wenye chumvi nyingi. Umeona ukinyunyizia chumvi nyanya iliyokatwa, baada ya muda sahani inajaa maji yaliyotoka ndani ya nyanya. Myeyusho uliokolea mno ukiingia tumboni, nao unavuta maji kutoka mwilini mwa mtoto, na kuharisha kunaweza kuzidi. Chumvi ikizidi katika damu, ubongo unaweza kudhurika. Mtoto alikuwa anahitaji maji, nasi tumempokonya maji.

Na ukiyeyusha pakiti moja katika lita 2? Hapo umezimua mno. Mtoto anapata maji, lakini chumvi aliyoipoteza hairudi ya kutosha.

ZINGATIA: Tafuta chombo ambacho una hakika ni cha lita moja, ukiwekee alama. Kama huna hakika, mwombe mhudumu wa afya wa blok yako akupimie. Tumia maji safi. Pakiti yote iishe ndani ya lita hiyo, usiigawe kwa kukadiria. Myeyusho uliokaa saa 24 umwagwe, utengenezwe mwingine. Mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya choo cha majimaji, kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe. Wa miaka 2 na kuendelea apewe mililita 100 hadi 200. Anayenyonya aendelee kunyonya.

Kama pakiti hakuna, tumia lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Vijiko visawazishwe, visiwe vya kilima. Kisha mpeleke mtoto kituo cha afya. Usingoje kesho ukiona macho yameingia ndani, mtoto amelegea, hawezi kunywa, au kuna damu katika choo.

4. ILITHIBITISHWA KATIKA KAMBI YA WAKIMBIZI

Ndugu msomaji, jambo hili lilipata ushahidi mkubwa kwa watu kama sisi. Mwaka 1971, wakati wa vita vya kupata uhuru wa Bangladesh, mamilioni ya watu walikimbilia India. Kipindupindu kikaingia makambini. Huko Bangaon, karibu na mpaka, maji ya kuwekwa kwenye mshipa hayakuwatosha wagonjwa. Daktari Dilip Mahalanabis akaamua kutumia myeyusho wa kunywa. Katika kila lita waliweka gramu 22 za glukosi, gramu 3.5 za chumvi na gramu 2.5 za magadi ya kuokea. Unga ulipimwa, ukatiwa katika mifuko ya plastiki na kuzibwa kwa pasi ya moto. Ndugu za wagonjwa ndio waliowanywesha.

Kabla ya hapo, wagonjwa wapatao 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Kwa wale waliotibiwa kwa myeyusho huo, vifo vilishuka hadi chini ya 4 katika kila 100. Daktari huyo alifariki mwaka 2022.

Kwa nini sukari ichanganywe na chumvi? Mwaka 1960 mwanasayansi Robert Crane alieleza kwamba katika ukuta wa utumbo, sodiamu na glukosi hupita pamoja mlango mmoja. Glukosi inasaidia sodiamu kuingia, na maji yanaifuata sodiamu. Sukari katika ORS haikuwekwa kwa ajili ya utamu. Ndiyo inayofungua mlango.

5. NDANI YA ATOMU

Sasa tuulize: hii sodiamu na hii kloridi ni nini?

Kila kitu kimejengwa kwa atomu. Katikati ya atomu kuna kiini chenye protoni, ambazo zina chaji chanya. Nje ya kiini kuna elektroni, ambazo zina chaji hasi. Elektroni zimepangwa katika maganda, moja nje ya jingine, kama maganda ya kitunguu. Ganda la kwanza huchukua elektroni 2 tu. Kwa elementi za mwanzo 20, ganda la pili huchukua 8, na la tatu nalo hupokea 8 kabla la nne halijaanza.

Elektroni za ganda la nje kabisa ndizo zinazoamua tabia ya atomu. Zile za ndani zimekaa kimya, hazigombani na mtu. Zilizo mlangoni ndizo zinazokutana na jirani.

Tazama mpangilio huu:

Hidrojeni (elektroni 1): 1
Kaboni (6): 2, 4
Oksijeni (8): 2, 6
Sodiamu (11): 2, 8, 1
Klorini (17): 2, 8, 7
Potasiamu (19): 2, 8, 8, 1
Kalsiamu (20): 2, 8, 8, 2

Namba ya mwisho katika kila mstari ni elektroni za nje. Atomu nyingi hutulia zikiwa na elektroni 8 katika ganda la nje. Hidrojeni yenyewe hutosheka na 2. Ili kufika hapo, atomu ina njia tatu: kutoa, kupokea, au kushirikiana.

6. ANAYETOA NA ANAYEPOKEA

Sodiamu ina elektroni 1 nje. Kwake ni rahisi kuitoa hiyo moja kuliko kutafuta 7. Klorini ina 7. Imepungukiwa moja tu, kwa hiyo inaitafuta kwa nguvu. Zikikutana, sodiamu inatoa na klorini inapokea. Sodiamu inabaki na chaji chanya, klorini inapata chaji hasi. Atomu yenye chaji inaitwa ioni. Klorini iliyokwisha kupokea elektroni inaitwa kloridi. Chanya na hasi huvutana, na hapo tunapata chumvi ya mezani.

Fikiri jambo hili. Sodiamu peke yake ni metali laini inayowaka ikiguswa na maji. Klorini peke yake ni gesi ya sumu. Tarehe 22 Aprili 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, jeshi la Ujerumani liliifungulia gesi hiyo karibu na mji wa Ypres, Ubelgiji, na watu wengi walikufa. Lakini zote mbili zikishapeana elektroni, tunazitia katika maharage. Kilichobadilika ni elektroni moja ya nje.

Njia ya kushirikiana tunaiona katika maji. Oksijeni ina 6 nje, inahitaji 2. Hidrojeni mbili, kila moja ikileta elektroni yake, zinashirikiana nayo. Hiyo ndiyo molekuli ya maji. Lakini oksijeni huzivuta elektroni hizo zaidi kuelekea kwake. Kwa hiyo upande wake unakuwa hasi kidogo, na upande wa hidrojeni chanya kidogo. Chumvi ikitiwa majini, upande mmoja wa maji unaizunguka sodiamu na upande mwingine unaizunguka kloridi, na kuzitenganisha. Sasa unajua kwa nini chumvi inayeyuka.

7. KLORINI NDANI YA DUMU LAKO

Wapo watu hapa kambini wanaokataa maji ya bomba kwa sababu ya harufu ya dawa. Wengine wanasema yanafunga uzazi. Kisha wanakwenda kuchota bondeni. Tusiwacheke, tuwajibu kwa kemia.

Klorini iliyomo katika dawa ya maji haijapata elektroni zake. Bado ina njaa. Ikikutana na kijidudu cha kipindupindu, inanyang'anya elektroni katika sehemu zinazokilinda na kukiendesha, nacho kinakufa. Klorini ikishapata elektroni inakuwa kloridi, ileile iliyomo katika chumvi ya mezani. Kazi yake ya kuua imekwisha.

Kutokana na hilo tunapata mambo matatu.

Kwanza, klorini haichagui. Hunyang'anya elektroni kutoka kwa kijidudu, majani, na uchafu wa mikono. Maji machafu yanaimaliza kabla haijawafikia vijidudu wote. Ndiyo maana dumu lenye utando wa kijani ndani, hata likijazwa maji mazuri bombani, linaweza kuwa na maji yasiyo na ulinzi jioni. Osha dumu. Funika. Usizamishe kikombe na mkono.

Pili, inahitaji muda. Baada ya dawa kuwekwa tunangoja dakika 30.

Tatu, tunapima kilichobaki. Msimamizi wa maji anapotia kidonge katika kijichupa na maji yakageuka rangi ya waridi, anapima klorini ambayo bado ina nguvu. Rangi ikizidi kukolea, ukolezi ni mkubwa zaidi. Pale bombani tunataka miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita. Miligramu ni gramu moja iliyogawanywa mara 1,000.

Je, kiasi hicho kinadhuru? Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 5 kwa lita kwa maji ya kunywa maisha yote. Yenye 0.5 ni sehemu ya kumi ya kikomo hicho. Gesi ya Ypres na maji ya bomba vina elementi moja, lakini ukolezi wake uko mbali sana. Harufu unayoisikia ni alama kwamba mlinzi bado yuko ndani ya dumu. Ikikusumbua, mimina maji katika chombo safi, uyaache kidogo kabla ya kunywa.

Kuhusu maji ya bondeni, tukumbuke Goma. Mwezi Julai 1994 wakimbizi kutoka Rwanda waliingia kwa mamia ya maelfu katika siku chache. Maji safi hayakuwepo. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu. Mwaka 2015 kipindupindu kiliwapata maelfu ya ndugu zetu wa Burundi waliokusanyika Kagunga, kando ya Ziwa Tanganyika. Maji ya kuonekana meupe si lazima yawe salama.

8. KUZIMUA DAWA

Ukolezi huandikwa pia kwa asilimia. Myeyusho wa klorini wa 1% una gramu 10 katika lita, yaani miligramu 10 katika kila mililita.

Hesabu: dumu la lita 20 linahitaji miligramu 2 kwa kila lita. Jumla ni 2 × 20 = miligramu 40. Kila mililita ya myeyusho wa 1% ina miligramu 10. Kwa hiyo 40 ÷ 10 = mililita 4. Hizo unazipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano.

Maji ya kunawia mikono wakati wa kipindupindu au Ebola, kama yale waliyoyatumia ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini na Ituri miaka ya 2018 hadi 2020, huwa ya 0.05%. Ukiwa na myeyusho wa 0.5%, chukua lita 1, ongeza lita 9 za maji. Umezimua mara kumi.

0.05% ni miligramu 500 kwa lita. Linganisha na 0.5 ya maji ya kunywa: ni mara 1,000. Kwa hiyo ndoo ya kunawia isinywewe, na watoto wafundishwe hivyo.

ONYO: Unga wa klorini ushikwe na waliofundishwa tu. Usiuchanganye na siki, ndimu wala dawa nyingine ya kusafishia choo, kwa sababu gesi ya sumu inaweza kutoka.

ZOEZI

1. Baba ameyeyusha pakiti moja ya ORS katika chupa ya lita 1.5. Ukolezi ni kiasi gani? Je, ni sahihi?
2. Magnesiamu ina elektroni 12. Zipange katika maganda. Itatoa au itapokea? Ni klorini ngapi zitatosha kwa magnesiamu moja?
3. Ndoo ya lita 10 inahitaji miligramu 2 za klorini kwa lita. Utatia mililita ngapi za myeyusho wa 1%?
4. Asubuhi bombani kulikuwa na miligramu 0.5 kwa lita. Jioni katika dumu la jirani ni 0. Taja sababu mbili.

MAJIBU

1. 20.5 ÷ 1.5 = gramu 13.7 kwa lita. Si sahihi, umezimuliwa mno.
2. 2, 8, 2. Itatoa elektroni 2. Klorini mbili, kwa sababu kila moja inapokea 1.
3. Miligramu 20, yaani mililita 2.
4. Dumu chafu, chombo kisichofunikwa au kilichokaa juani, kikombe na mikono kuzamishwa ndani. Mbili zozote ni sahihi.

Ndugu msomaji, kama jirani yako hajui kusoma, msomee sehemu ya 3 na ya 7, kisha mpimie lita moja katika chombo chake mwenyewe na kukiwekea alama. Wanafunzi, leteni maswali yenu kwa wahamasishaji wa blok zenu, tutayajibu katika ukurasa huu.